Mpaka wa Sayansi: Mwongozo kwa Asiyependa Kushindwa

Umemaliza chuo, umerudi Ihembe, Karagwe. Begi hujalifungua, tayari watu wanakuuliza. Mjomba anataka kujua kama ile dawa ya mizizi aliyouziwa gulioni Omurushaka, na muuzaji mwenye kipaza sauti, ni ya kisayansi kweli. Shemeji anauliza habari ya ile mashine ya kushika kiganjani inayotoa karatasi ndefu ya magonjwa yako yote: ni sayansi au ni biashara? Mzee mmoja, ambaye hajasema neno tangu asubuhi, anatupia punje ya kahawa mdomoni, anatafuna taratibu, halafu anakuuliza sayansi yenyewe ni nini.

Usiogope. Watu wenye vyeti vingi kuliko vyako wameulizwa swali hilo karne nzima, na hakuna aliyetoa jibu likakaa. Kwa bahati nzuri wewe huhitaji kulijibu. Unahitaji kuonekana umelijibu, kazi ambayo ni nyepesi zaidi na heshima yake ni ileile. Fuata hatua hizi. Zinafanya kazi barazani, zinafanya kazi redioni, na kwenye semina zenye posho zinafanya kazi mara mbili.

1. Sema jambo lisiloweza kuwa uongo

Jibu hivi, kwa sauti ya chini kidogo: "Sayansi ni maarifa yanayopatikana kwa njia ya kisayansi." Kisha nyamaza. Akitokea wa kuuliza njia ya kisayansi ni ipi, mwambie ni ile wanayoitumia wanasayansi. Na mwanasayansi ni nani? Ni mtu anayefanya sayansi. Umetoa sentensi tatu, zote za kweli, na hakuna aliyejua jambo jipya. Wenye vitabu huita hiyo tautolojia. Wewe iite msimamo.

Usidhani ni ujanja wa kijiweni tu. Sheria ya Uchawi, tuliyoachiwa na Waingereza tangu 1928 na ambayo bado imo katika sheria zetu kama Sura ya 18, inapofika mahali pa kueleza uchawi ni nini, inaanza kwa kusema ni pamoja na ulozi na kuroga. Yaani uchawi ni uchawi, umebadilishiwa kanzu. Aliyeiandika hakuwa mjinga, maana baadaye anaongeza habari ya mtu kujidai kuwa na nguvu za siri, ili hakimu asilazimike kuamua kama nguvu hizo zipo au hazipo. Heshimu kalamu ya namna hiyo.

Linganisha na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kila mwaka kabla ya vuli wanatangaza mvua za Kagera zitakuwa za wastani, au chini ya wastani, au juu yake. Ni watu wa kuhurumiwa. Wamesema jambo linaloweza kuwaumbua kabla ya Krismasi, mbele ya taifa zima. Wewe sema: "Mvua itanyesha, ila kama haitanyesha." Hutaumbuka hadi kiyama. Mkulima aliyepanda maharage kwa kukusikiliza hatakuwa amepata kitu, lakini pia hana cha kukudai.

2. Taja jina moja la kigeni, mara moja tu

Sasa panda daraja. Jina unalohitaji ni Karl Popper, mzaliwa wa Vienna, 1902. Ukilitaja mara moja umesoma. Ukilitaja mara tatu watu watajua umelisoma jana usiku.

Kisa chake kinasimulika vizuri. Mwaka 1919 Popper alikuwa kijana. Einstein alikuwa amesema kwamba mwanga wa nyota ukipita karibu na jua hupinda, na akasema kwa kiasi gani. Mwezi Mei mwaka huo wataalamu wa Uingereza walikwenda kisiwa cha Príncipe, magharibi mwa Afrika, na Sobral huko Brazil, kupiga picha jua likiwa limepatwa. Picha zingetoka tofauti, Einstein angekuwa na maelezo ya kutoa. Wakati huohuo, palepale Vienna, wafuasi wa Freud na wa Adler hawakuwa na wasiwasi wowote. Mtu akimsukuma mtoto majini ili afe, walikuwa na sababu. Mtu mwingine akijitosa kumwokoa mtoto yuleyule, walikuwa na sababu pia, na ilitoka kabati lilelile. Popper akaamua: nadharia ya kisayansi ni ile inayosema mapema ni jambo gani likitokea itakuwa imeshindwa. Ile isiyoweza kushindwa na lolote, ikae nje. Akaitolea kitabu mwaka 1934.

Kwa mtu mwenye wivu hii ni kanuni tamu mno. Mpinzani wako akizungumza, mwulize tu: "Ni kitu gani kingekuonyesha kwamba umekosea?" Akishikwa na kigugumizi, mtoe nje ya sayansi, kisha omba chai.

Ila jihadhari na binti wa kidato cha tatu. Kila mkutano unaye. Amekaa nyuma, ana daftari. Atanyoosha mkono na kusema: "Shikamoo. Samahani, na hiyo kanuni yenyewe ni kitu gani kingeonyesha kwamba imekosea?"

Utatafuta, hutakiona. Ukimletea elimu ambayo watu wanaiita sayansi lakini haiwezi kukanushwa, kanuni haitikisiki; inasema tu kwamba basi hiyo si sayansi. Kwa nini si sayansi? Kwa sababu haikanushiki. Binti ataandika kitu kwenye daftari lake na wewe utahisi joto shingoni.

Jifariji kwamba wengine waliungua zaidi. Lile kundi la wanafalsafa wa Vienna la miaka ya 1920 lilitangaza kwamba sentensi yenye maana ni ile tu inayothibitishika kwa macho na vipimo, au ile iliyo kweli kwa sababu ya maneno yake tu. Wakaulizwa: na sentensi yenu hii je? Hakuna kipimo kilichowahi kuithibitisha. Basi ama haina maana, ama ni ya kweli kwa kuwa mmeamua neno "maana" liwe na maana hiyo. Hawakupata usingizi mzuri.

Popper alikuwa muungwana kuliko mashabiki wake. Alikiri kwamba kanuni yake ni pendekezo, jambo la kukubaliana, si kitu alichokikuta porini. Habari hiyo usiitoe kamwe, hasa kwa watu wa Kyerwa, kwa sababu wataielewa papo hapo. Wao wanajua mipaka ya aina mbili. Pale Murongo, mpaka wetu na Uganda ni mto Kagera: unauona, unasikia sauti yake, unaweza kuzama humo. Ukienda mashariki mpaka unauacha mto na kufuata mstari wa digrii 1 kusini ya ikweta, waliokubaliana Wajerumani na Waingereza mwaka 1890 wakiwa Ulaya, mbele ya ramani. Mstari huo shambani hauonekani. Kahawa ya magendo ikiuvuka usiku haishtuki. Lakini mwaka 1978 Idi Amin alitaka kuusogeza hadi mtoni, na watu walikufa kwa maelfu. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema mstari wa kukubaliana ni mchezo. Anachoweza kuuliza ni nani aliuchora, kwa kazi gani, na nani ananufaika ukisogezwa usiku. Maswali hayo matatu ndiyo usiyotaka kuyasikia. Basi wewe unapochora mpaka wa sayansi, sema daima kwamba umeuona mto.

Kabla hatujaondoka kwa Popper: aliwahi kuandika kwamba nadharia ya Darwin inakaribia kuwa tautolojia, maana anayesalia ni anayefaa, na anayefaa tunamjua kwa kuwa amesalia. Mwaka 1978 akajirudi hadharani, akasema alikosea. Ukiona mtu amejirudi hadharani, ujue hakupata mwongozo kama huu. Miaka michache baadaye, jaji mmoja wa Arkansas alitumia kanuni kama hiyo ya Popper kuyazuia mafundisho ya uumbaji yasifundishwe shuleni kama sayansi. Mwanafalsafa Larry Laudan, ambaye hakuwa rafiki wa mafundisho hayo, akanung'unika mwaka 1982: hao wanasema dunia ina umri wa miaka elfu chache tu, jambo hilo linapimika, limepimwa, na limeshindwa. Sasa mnawaambiaje haliwezi kushindwa? Mwaka 1983 akashauri mpaka wote ufutwe, watu waulizane tu kuhusu ushahidi. Huyo naye usimtaje. Ataharibu soko.

3. Chora mstari baada ya matokeo

Hapa ndipo penye utamu, na mfano wake ni wetu wenyewe.

Mwaka 1963, Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friza. Nafasi zilikuwa zinaisha. Mpemba akaingiza yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia ya baridi.

Alipomwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akamweleza kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo kila kosa darasani likawa la Mpemba. Akikosea hesabu, ni hesabu za Mpemba.

Simama hapo uione kazi ya bwana mkubwa. Mwalimu hakugusa friza. Hakuchemsha hata kikombe. Alichora mpaka kwa sentensi moja, na kijana akajikuta nje. Kwa nini si fizikia? Kwa sababu fizikia haisemi hivyo. Na fizikia ikoje? Ni yale yaliyomo kwenye fizikia. Ukiweza kufanya hivyo mbele ya darasa bila kucheka, unafaa kuongoza kamati.

Kisha akaja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na swali lake, la maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100. Wenzake wakacheka. Osborne alikuwa na udhaifu mmoja: alirudi Dar es Salaam akaagiza lijaribiwe. Fundi wa maabara akaleta taarifa kwamba kweli yaliyoingia ya moto yameganda kwanza, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi.

Fundi huyo ninamvulia kofia. Jina lake halikuwekwa, lakini yeye ndiye baba wa hatua hii. Hakuna aliyewahi kueleza kwa ufupi zaidi namna ya kuwa salama: jibu sahihi linajulikana kabla, na jaribio linaendelea hadi litii.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja, na leo jambo hilo linabeba jina la Mpemba duniani kote. Unataka kumsifu? Subiri. Mwaka 2016 watafiti wawili, Burridge na Linden, walilipima upya na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha wa jambo hilo, na kwamba hata kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja juu au chini kunaweza kukupa jibu lingine. Wengine bado wanabisha. Kwa hiyo Mpemba alikuwa akifanya sayansi mwaka 1963 au la? Mimi nakushauri useme alikuwa, endapo itathibitika, na hakuwa, endapo haitathibitika. Usije ukasema alikuwa akifanya sayansi siku ileile alipouliza swali linaloweza kumwumbua kisha akataka lijaribiwe. Ukisema hivyo utakuwa umewaruhusu watoto wote wa Karagwe.

4. Ongeza masharti

Kama hatua za juu zimekuchosha, iga kijiji cha Samunge, Loliondo. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alitoa kikombe kwa shilingi 500. Kikombe kimoja tu, cha mti uitwao mugariga, kwa UKIMWI, kisukari, kansa na mengine. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi. Mawaziri walikunywa. Wataalamu walichukua sampuli, wakasema haina sumu; na watu wakasikia kwamba inaponya, kwa sababu ndivyo masikio yalivyo.

Mti ule haumei Loliondo pekee. Upande wa pili wa mpaka wetu Waganda wanauita muyonza na watoto wanakula matunda yake. Je, si mtu angechemsha nyumbani? Hapana. Dawa ilifanya kazi ikitoka mkononi mwa Babu, kwa uwezo wa Mungu. Ona uzuri wa sharti hilo. Maabara haiwezi kuupima mkono. Wenye vikombe waliozuka mikoa mingine nao walikuwa na mikono yao, kila mmoja na maono yake.

Sharti moja halitoshi, weka matatu. Hajapona? Imani ilipungua. Alikuwa na imani? Basi alichanganya na dawa za hospitali. Hakuchanganya na ameshafariki? Alichelewa kuja. Kila anayepona ni ushahidi na kila anayekufa ni mkosaji. Wagonjwa wanaojisikia nafuu watarudi kusimulia. Wengine hawana namna ya kurudi.

Msomi atakayekucheka, mwambie atazame kwake. Dawa ya mtaalamu ikigoma shambani, atakuambia hukufuata kipimo. Ulifuata? Basi udongo ni wa aina nyingine. Udongo ndio wenyewe? Basi mbegu. Tofauti iliyopo ni moja, nayo ni ndogo kiasi kwamba hadhira haitaiona: je, sharti lilitajwa kabla ya jaribio, au limezaliwa msibani?

Papai la mwaka 2020 nalo linafundisha. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu na umri wao, na majibu yakarudi kwamba zina korona. Nusu ya kwanza ya kisa hiki ni sayansi ya hali ya juu, na nasema hivyo bila utani: kumpima mpimaji bila kumwambia ndivyo inavyotakiwa. Uangalifu wako uweke kwenye nusu ya pili. Kipimo kikisema papai linaumwa, kuna njia mbili, ama kukirekebisha kipimo ama kuacha kuhesabu. Hesabu ya taifa ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, ikakaa hapo kwa zaidi ya mwaka. Namba isiyoongezeka haimwumbui mtu.

5. Ya kwetu yote ni sayansi

Hatua fupi, maana ukanda wetu hauhitaji kufundishwa kujisifu. Jirani zetu wa Buhaya wana jina lake kabisa, nshomile. Mgeni akija, mpeleke moja kwa moja kwenye chuma. Mwaka 1978 Wamarekani wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa Buhaya walikuwa wakiyeyusha chuma karne nyingi zilizopita kwa hewa iliyopashwa moto kabla ya kufika motoni. Wataalamu wengine wakaibishia hiyo hewa ya moto. Ubishi huo mwachie mgeni ausikie kwingine. Mwambie pia kwamba Karagwe nako, katika ikulu ya Bweranyange aliyoifikia Speke mwaka 1861, chuma kilikuwa alama ya ufalme wa Rumanyika.

Akikuuliza kuhusu miiko ya wahunzi na dawa zilizofukiwa chini ya tanuri, mjibu kwamba huo ni utamaduni. Moto ni sayansi, dawa ni utamaduni, na mpaka umepita katikati ya shimo moja. Wahunzi wenyewe hawakuugawa. Wao walisubiri kuona kama chuma kitatoka.

6. Uwe na jibu la kabla na la baada

Hapa kejeli inanipungukia kidogo, lakini mwongozo ni mwongozo.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa Kagera, mwaka 1983. Kabla ya hapo na kwa muda baadaye ugonjwa uliitwa Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Waliokuwa wakiugua kwanza wengi walikuwa wafanyabiashara wa mpakani, na maelezo yalikuwa tayari: amemdhulumu mwenzake wa Uganda, amerogwa. Angalia maelezo hayo yalivyo imara. Mwenye mali akiugua, alidhulumu. Maskini akiugua, alitumiwa kosa la mwingine. Mke akifuata, uchawi umeingia nyumbani. Asiyeugua ana kinga. Hakuna kaburi ambalo lingeyashinda.

Maelezo ya virusi yalikuwa dhaifu kabisa ukiyapima kwa mizani yetu. Yalisema utaambukizwa hivi na hivi, lakini si kwa kula sahani moja, si kwa kulala chumba kimoja na mgonjwa, si kwa kuvaa nguo yake. Kila "si" hapo ilikuwa ni mahali pa kushindwa. Shangazi mmoja tu aliyemwuguza mtu miaka mitatu, akamwosha na kumlisha, akapimwa akakutwa nao bila njia nyingine, na maelezo yangekuwa taabuni. Akina shangazi hao walikuwa wengi katika mkoa huu. Dawa zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, maelezo yaleyale yakajiweka hatarini tena: mezeni kila siku, mtanyanyuka. Kama wasingenyanyuka, kila kijiji kingejua.

Ukitaka amani, chagua uchawi. Ila usichague ukiwa unaumwa.

7. Kaa mbali na migomba

Hili ndilo onyo kubwa kwa anayeishi Ihembe. Katika ukumbi unaweza kumshinda yeyote. Shambani kuna viumbe visivyosikiliza.

Mnyauko bakteria wa migomba, ambao mkoani wengi wanaujua kwa jina la unyanjano, ulionekana Uganda mwaka 2001 na ukaripotiwa Kagera mwaka 2006. Majani yananyauka, ndizi zinaiva ovyo ovyo, ukikata mgomba unatoa uchafu wa njano, na chakula cha nyumba nzima kimekwenda. Maafisa ugani na watu wa kituo cha utafiti cha Maruku walisema: ua dume liondoe kwa kijiti chenye panda, usitumie panga, panga likigusa mgonjwa lipitishe motoni au lisafishe kwa jiki, kilichougua kiondoe. Sababu ni kwamba wadudu wanaoruka ua kwa ua na panga linalotoka mgomba hadi mgomba ndio wanaobeba ugonjwa.

Sasa utakutana na mama mmoja. Sijui jina lake, lakini yupo, kila kitongoji kinaye. Yeye hajamsikia Popper. Atakuambia: "Mwanangu, mistari hii nilitumia kijiti. Ile kule baba yao alikataa, akatumia panga lake. Nilimwambia tusubiri, kwangu ukifa hata mmoja kabla ya kwake, nakichoma kijiti na sitamsikiliza afisa ugani tena."

Sikiliza kwa makini alichofanya, ili ujue unachokimbia. Ametaja mapema kitakachomshinda. Ameweka upande mwingine wa kulinganisha, japo kwa ubishi wa mume. Amekubali gharama, na gharama ni ndizi zake. Hakueleza sayansi ni nini na hakuna aliyemwuliza. Kanuni aliyoifuata haithibitishiki na haikanushiki, kama alivyosema yule binti. Mama ameifuata tu, kama sharti alilojiwekea kabla hajajua matokeo, na halisogezi mume akinuna.

Atakukaribisha uende ukaone. Usiende. Ukienda utaona, na mtu aliyeona hawezi tena kusema kwa ile sauti ya chini tuliyoizoea. Ukishurutishwa, sema mama ana uzoefu. "Uzoefu" ni neno zuri la kumsifu mtu huku ukimwacha nje ya mlango. Mtaalamu akifanya yaleyale, akaandika kwenye jedwali, ndipo iwe utafiti.

Kama amekuwahi, amekushika mkono na mko njiani kuelekea mistari ile, huenda akakuuliza swali lako mwenyewe: "Na wewe mwanangu, ni kitu gani ukikiona leo utakubali kwamba ulikosea?" Hapo usitafute Kilatini. Mwulize mwaka huu wananunua kahawa kwa bei gani. Hataweza kujizuia, utakuwa umefika barabarani kabla hajamaliza kulalamika.